Nne, Nane na Munane

Jirani yangu wa chini alinigongea mlango Jumamosi moja asubuhi akaniomba nimsaidie kuteremsha boksi. Ni mzee wa Kichina, aliyetoka Hong Kong akiwa kijana akapika katika jiko la mgahawa mmoja hapa Landani mpaka alipostaafu. Tangu mkewe afariki na binti yake ahamie Kanada anaishi peke yake. Boksi lilikuwa juu ya kabati, wala halikuwa zito. Alipolifungua kitandani nikaona joho la hariri la buluu lililotariziwa mikononi, na viatu vya kitambaa ambavyo soli zake hazijawahi kukanyaga chochote. Nikalisifu joho. Nikauliza harusi ni ya nani.

"Ni la kuzikiwa," akasema, akilikung'uta bega kwa kiganja. "Kila mwaka jua likianza kuwaka nalianika. Nondo hawana heshima."

Nilitaka kumwambia aache uchuro. Lakini sisi wawili tunazungumza Kiingereza, na Kiingereza hakina neno la uchuro. Nililitafuta siku ile sikulipata, na mpaka leo sijalipata. Kwetu Morogoro mtu akionekana dukani anapima sanda yake mwenyewe, ukoo mzima utakaa kikao. Mzee huyu alilivaa joho juu ya sweta, akajigeuza mbele ya kioo kama bwana harusi, akaniuliza linamkaaje.

"Linakupwaya kidogo mabegani, Mzee."

"Basi itabidi nile zaidi," akasema, na mchana ule alikula bakuli mbili za wali ili aje kulijaza vizuri kaburini.

Mimi ni mtunza stoo. Ghala letu liko hapa hapa Edmonton, kaskazini mwa Landani, tunahifadhi mabomba, masinki na vyoo vya kukalia, na kwa miaka kumi na tisa kazi yangu imekuwa kuhakikisha kwamba kilichoandikwa kwenye karatasi ndicho kilichopo kwenye rafu. Shule niliishia kidato cha nne. Yaliyobaki nimejifundisha maktaba, kwa utaratibu: somo moja kwa mwaka, daftari moja kwa somo, kurasa zimepigwa mistari kwa rula. Nimeshamaliza nyuki, chumvi, na mifereji ya maji machafu ya Landani. Jumatatu iliyofuata nilinunua daftari jipya nikaandika juu yake: Wachina, Kifo na Heshima.

Mke wangu, ambaye ni muuguzi na kifo anakutana nacho kazini bila daftari, aliliona mezani.

"Wenzako wanasomea kuendesha foklifti wapandishwe cheo," akasema. "Wewe unasomea kufa. Tena kwa Kichina."

"Ni elimu, mke wangu."

"Ukifaulu watakupa cheti au joho?"

Nilisoma miezi saba. Kilichonisumbua kwanza ni kwamba mambo hayakukaa pamoja. Kwa mila zao za zamani kifo hakitajwi kwenye shughuli ya furaha, na hata neno linalofanana nacho kwa sauti hukwepwa. Lakini mtoto mwema aliweza kumnunulia mzazi wake jeneza angali hai, la mbao nzuri, na mzazi akaligonga kwa vidole asikie lilivyo imara, akashukuru, akaendelea kuishi nalo nyumbani. Nilipiga mstari katikati ya ukurasa, nikayaandika haya pande mbili, nikakaa nayatazama kama hesabu ya stoo isiyolingana.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba kinachoogopwa hasa ni kufa vibaya: ugenini, bila mtoto wa kukuvalisha, bila mtu wa kukutengea chakula baadaye, bila jina safi. Jina ndilo mali, na marehemu haondoki nalo. Analiacha mikononi mwa watoto, kama zamu inayotoka inavyokabidhi stoo kwa zamu inayoingia. Mwana akifanya la aibu, walio chini ya ardhi nao wanainamisha vichwa. Na mzee aliyeshiba umri, akafa kwake huku wajukuu wamejaa, msiba wake huwekwa karibu na furaha. Hilo nililielewa mara moja. Kwetu pia, akizikwa bibi wa miaka tisini, watani huingia kaburini wakagoma kutoka mpaka wapewe chochote, na waliokuja kulia wanashika mbavu.

Kuelewa kitabuni hakukunisaidia mezani. Mara ya kwanza Mzee aliponikaribisha chakula, nilichomeka vijiti vyangu vya kulia vikasimama wima katikati ya wali, ili nipate mkono wa kuandikia. Mzee alivichomoa kwa kasi ambayo sikuijua kwake. Vijiti vikisimama hivyo hufanana na udi unaowashwa mbele ya marehemu.

"Bado sijafa," akasema. "Joho bado linanipwaya."

Nikaandika.

Ni siku hiyo ndipo aliponieleza habari za mdogo wake wa kiume. Baba yao alipofariki Hong Kong, Mzee, mtoto wa kwanza wa kiume, alikuwa huku Landani amesimama mbele ya moto wa jiko. Hakwenda. Alisema alinyimwa ruhusa, kisha akasema angeweza kuondoka bila ruhusa. Mdogo wake ndiye aliyetembea mbele ya jeneza, mahali pa kaka, huku mtaa mzima ukitazama, na aibu ile hakuisamehe. Baadaye naye alihamia Landani, akawa fundi cherehani kule Croydon. Kutoka kwetu mpaka Croydon ni treni mbili. Walikuwa hawajasemezana miaka thelathini na moja.

Sikumhukumu. Baba yangu alizikwa wakati karatasi zangu za kuishi hapa hazijakamilika. Nilihudhuria kwa simu, binamu yangu akinionyesha, na kwa sehemu kubwa ya mazishi nilichokiona ni kidole gumba cha binamu yangu.

"Mwaka huu natimiza themanini na nane," akasema Mzee. "Nataka aje, akae, ale na mimi. Nikifa hatujapatana, yeye ndiye atakayenivalisha joho, na atanivalisha kwa hasira. Ni fundi cherehani. Anajua pa kubana."

"Si umpigie simu."

"Mimi ni kaka. Kaka hapigi simu ya kwanza."

"Na yeye?"

"Yeye ndiye aliyekosewa. Aliyekosewa hapigi simu ya kwanza."

Niliandika barua mimi. Nilijitambulisha kuwa jirani, nikasema naandaa sherehe ya kuzaliwa ya Mzee, na kwamba ya familia yao siyajui. Hilo la mwisho lilikuwa uongo wa heshima, na daftari langu lina ukurasa mzima unaouruhusu. Baada ya wiki mbili jibu lilikuja, mstari mmoja kwenye kadi: atakuja kuhakikisha kama kweli ni themanini na nane, maana kaka yake alikuwa akijiongezea umri tangu utotoni.

Kwa pasipoti Mzee alikuwa na themanini na saba. Kwa hesabu yao ya zamani mtoto huzaliwa tayari ana mwaka mmoja. Sikubishana. Mwenye mali ndiye anayehesabu.

Na umri huo ni mkubwa kwao kuliko tarakimu zake. Nane, kwa lugha ya kwao, inakaribiana kwa sauti na neno la kustawi, na nane mbili ni neema juu ya neema. Nne inafanana na kifo. Mzee alinitamkia nne, kisha kifo, kisha nne tena. Mimi nilisikia kitu kimoja mara tatu. Akaniambia tofauti yake ni kama ya mbuzi na ngamia. Lugha yao hupanda na kushuka ngazi, na sikio langu ni la nyumba isiyo na ghorofa. Niliamua jambo moja, nikaliandika kwa herufi kubwa: KILA KITU KIJE KWA NANE.

Mapambo na vitafunwa nilimkabidhi mama mmoja Mkongo, mtu wa Bukavu, anayepamba harusi na ubatizo wa watu wa kanisani kwao. Anasifika kwa mambo mawili: hachelewi, na haulizi swali mara mbili. Nilimpigia simu nikiwa ghalani, foklifti ikipiga mlio wa kurudi nyuma kando ya sikio langu. Nilimsomea oda jinsi tunavyosoma stoo, yaani kitu kwanza, idadi mwisho.

"Machungwa, sahani: nane. Kila sahani, idadi hiyo hiyo. Mandazi mekundu yenye umbo la pichi, sahani: nane. Idadi hiyo hiyo. Taa nyekundu za karatasi: nane."

"Bon," akasema. "Na yale maputo makubwa ya miaka, papa, niandikishe ngapi?"

"Nane nane. Kama sikukuu ya wakulima."

"Wakulima gani?"

"Usijali, mama. Nane nane, kubwa, za dhahabu."

"Nimesikia, papa."

Kwa Mtanzania, kutaja Nane Nane, siku ya nane ya mwezi wa nane, ni kama kugonga muhuri. Hakuna wa kukosea. Haikunijia kwamba Kongo wakulima hawana sikukuu hiyo. Wala haikunijia jambo lililo kubwa zaidi, ambalo mtu anayejiita msomaji alipaswa kulijua: kwamba watu wa Bukavu, wakihesabu, nne wanaiita ine, na nane wanaiita munane. Ningesema "machungwa manane" kama binadamu wa kawaida, yule mama angenielewa, kwa sababu "ma" ingejaza nafasi ya "mu". Lakini mtunza stoo huiacha idadi isimame peke yake mwisho wa mstari, na neno fupi linaloanza na n, kwa sikio la Bukavu, katikati ya makelele ya foklifti, ni nne.

Sherehe ilikuwa Jumapili saa sita mchana, katika ukumbi mdogo wa nyumba zetu za kaunsili, yaani za halmashauri ya mji. Saa tano na nusu mimi na mke wangu tuliingia. Yule mama alikuwa juu ya kiti anamalizia kufunga taa. Nikahesabu taa: nne. Nikahesabu sahani za machungwa: nne, na kila sahani machungwa manne. Mandazi, vivyo hivyo. Halafu nikainua macho ukutani. Maputo mawili ya dhahabu, kila moja refu kuliko mke wangu, yalikuwa yanayumba taratibu kwenye upepo wa hita. Nne. Na nne.

"Mama," nikasema, "hii ni nini?"

"Miaka yake, papa. Arobaini na ine. Bado kijana! Mungu amulinde."

"Mimi nilisema nane nane."

"Ndiyo. Ine ine."

"Nane!"

"Papa, unanipigia kelele, na neno ni lile lile."

Mke wangu alikuwa ameinama juu ya sahani. Nilikuwa nimesoma kwamba wazee wa Kichina kwenye siku yao huandaliwa maandazi yenye umbo la pichi, tunda la maisha marefu, na yule mama alijitahidi: yalikuwa ya duara, mekundu, yenye mfereji katikati.

"Hizi ndizo pichi?" mke wangu akauliza.

"Ndizo."

"Mimi nimeogesha watoto wengi wodini. Hizi siyo pichi."

Zilibaki dakika ishirini na tano. Nilipanda kiti nikaligeuza puto moja kichwa chini. Nne ikipinduliwa hugeuka kiti kilichovunjika mguu. Mke wangu akashauri tuzikutanishe nne mbili uso kwa uso, labda kwa mbali zitafanana na nane. Tulizikutanisha. Kwa mbali zilifanana na ng'ombe wawili wanaopigana. Nikaomba sindano. Yule mama akajisimamisha mbele ya maputo na mikono ameitanua.

"Kwanza uniambie kijana wa watu amekukosea nini!"

Hapo ndipo Mzee alipoingia, amevaa suti na tai nyekundu, nyuma yake wapishi wastaafu wenzake kama kumi hivi, kila mmoja na chungu chake cha tambi. Aliyatazama maputo. Akazitazama taa, akahesabu kwa midomo. Akayatazama machungwa. Wale wapishi walianza kutazama viatu vyao. Nilikwenda na sindano yangu mkononi nikamwambia tutayapasua sasa hivi.

"Acha," akasema kwa sauti ya chini. "Yuko nje, ameshayaona dirishani. Tukiyaficha atajua tunajua."

Mdogo wake aliingia. Alikuwa na miaka themanini na zaidi, mwembamba, koti lake limemkaa kama ngozi. Alisimama mlangoni, wala hakumsalimia mtu.

"Nimepanda treni mbili kuja kula tambi," akasema kwa Kiingereza, ili sote tusikie. "Nakaribishwa na kifo. Kifo mara mbili, cha dhahabu. Nani ameagiza?"

Nilifungua mdomo. Mzee akaniwahi.

"Mimi," akasema.

Katika kurasa zote za daftari langu sikuwa nimeandika kitu kama hicho. Nilikuwa nimejitolea kufanya kazi ya mtoto wake, mbele ya wenzake wote, na yeye hakuwa tayari kuacha aibu iniangukie. Alikuwa amemsubiri mdogo wake miaka thelathini na moja, na sasa alikuwa anampoteza tena kwa ajili ya heshima ya mtunza stoo. Yule mdogo alianza kufunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, kuanzia chini.

"Si kweli," nikasema. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyeagiza, na idadi nimekosea."

Sentensi hiyo sijawahi kuitamka kazini.

"Wewe nani?"

"Jirani. Mwandishi wa ile barua."

"Ile barua ya mtu asiyejua kitu," akasema. "Naona ulikuwa mkweli."

Yule mama wa Bukavu, ambaye Kiingereza chake ni cha sokoni na kanisani, alinivuta mkono. "Wanasema nini, papa?"

"Wanauliza nani amekosea."

"Basi uwaambie. Weye ulisemaka ine. Hii haiko kosa yangu hata kidogo. Utafsiri yote, neno kwa neno, niko nakuangalia mdomo."

Nikageuka. "Anasema nilitamka vibaya," nikawaambia wazee.

"Na uwaambie, nyinyi Watanzania munajivunaka sana, eti Kiswahili ni chenu, sisi wengine tunabomoa tu. Leo nani amebomoa?"

"Anasema pia," nikatafsiri, "kwamba watu wa nchi yangu tunajidai kuijua lugha kuliko wengine."

Wapishi wastaafu walitikisa vichwa kwa masikitiko, kana kwamba jambo hilo walikuwa wamelisikiasikia. Mke wangu alikuwa amekaa, leso mdomoni, mabega yanatikisika.

"Ngoja," akasema yule mdogo. Mkono wake ulikuwa umefika kwenye kifungo cha tatu. "Ulitaka kusema ngapi?"

"Nane. Nilitaka vyote viwe nane."

"Na yeye akasikia?"

"Nne."

"Sema tena. Polepole."

"Nane. Nne."

"Umesema kitu kimoja."

"Hapana, sikiliza. Na-ne. N-ne."

Alimgeukia kaka yake. Nadhani hakukusudia, ni mazoea ya fundi kutafuta jicho la pili kabla ya kukata kitambaa. "Wewe umesikia tofauti?"

Mzee alifikiri. "Hakuna," akasema. "Cha pili amekohoa."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza, wao kwa wao, baada ya miaka thelathini na moja, na yalikuwa dhidi yangu.

Walinitamkisha. Nilisema nne na nane, nane na nne, nimesimama chini ya maputo, mpaka maneno yenyewe yakaanza kuniponyoka. Nadhani mara moja au mbili niliyachanganya kweli. Mpishi mmoja mzee alisogeza sikio lake lenye kifaa cha kusikilizia karibu na mdomo wangu, akatoa hukumu kwamba betri haina tatizo. Yule mdogo akauliza mama wa Bukavu yeye husemaje. Nikamtafsiria swali. Mama akasogea mbele, akanyoosha kitenge chake, akainua vidole vinne.

"Ine."

Akainua vinane.

"Mu-na-ne."

"Ine," wakasema wazee wote wawili. "Munane."

"Hiyo inasikika," akasema Mzee.

"Hata kwa kiziwi," akasema mdogo wake. Akanielekea mimi. "Lugha ya mama huyu imeshonwa vizuri. Yako imeachwa bila pindo."

Nilijaribu kujitetea. Nilieleza kwamba Kiswahili sanifu kina kamusi, na kwamba wataalamu walikaa kamati wakakisanifisha.

"Kwenye kamati hiyo," akauliza, "kulikuwa na mtu hata mmoja mwenye simu?"

"Wamesema nini?" mama akaniuliza.

"Wamesema Kiswahili chako ni kizuri kuliko changu."

"Aaa," akasema. "Hawa ni watu wamesoma."

Jambo moja bado lilinikera, nikalisema. Nikasema kwamba kwetu nne haina uchuro wowote, ni idadi kama idadi nyingine. Meza ina miguu minne na hatuikimbii.

"Kwenu hapana," akasema yule mdogo. "Lakini ulikuwa unamwandalia nani?"

Alivua koti akalitundika kwenye mgongo wa kiti, akakaa ili anisute vizuri zaidi. Mzee naye akakaa upande wa pili, kwa sababu hiyo hiyo. Wapishi wakaanza kufunua vyungu. Walipomaliza kunihukumu, tambi zilikuwa zimeshafika mbele yao, na wote wawili walikuwa wanazivuta kwa sauti, ndefu, bila kuzikata, macho yao yakinitazama kwa kunilaumu.

Sikwenda karibu na meza ile tena. Mke wangu aliniletea bakuli pembeni, akaniambia kwamba kwa uzoefu wake wa wodini, ndugu waliogombana hupatana haraka zaidi wakipata daktari wa kumlalamikia pamoja. Nikatafuta kalamu. Akanipokonya.

Mchana ulikwenda. Wapishi waliaga, wakachukua vyungu vyao. Ufunguo wa ukumbi ulitakiwa urudishwe saa tisa, na saa tisa kasoro dakika kumi ndugu wale walikuwa bado wamekaa, sasa wakizungumza lugha yao wenyewe, kwa hiyo sikuelewa neno. Lakini mikono ya mdogo niliielewa. Alikuwa anapanga vitu kwenye kitambaa cha meza. Aliweka andazi moja katikati, jeneza la baba yao. Akaweka chungwa kila upande wa andazi, manne, wabebaji, na hapo hakuna aliyelalamikia idadi. Nyuma akapanga vijiti na vikombe, watu wa mtaa. Alionyesha kwa vidole mvua inanyesha. Alionyesha, kwa kidole kimoja kilichopotea njia mpaka kwenye bakuli la soya, kitu ambacho baadaye Mzee alinieleza ni bendi ya matarumbeta iliyoingia mtaa usio wake ikampigia marehemu asiyehusika. Mzee aliuliza swali. Akajibiwa. Akauliza lingine. Aliuliza kama mtu anayetaka kila kitu, nani alishika nini, nani alilia, barabara ilikuwa na kilima au haina.

Kisha Mzee akanyoosha mkono, akachukua chungwa moja kwenye sahani, akalishika muda. Akaliweka mbele ya andazi, peke yake, mahali anapotembea mtoto wa kwanza wa kiume.

Mdogo wake alilitazama. Nilisimama na ufagio sikufagia. Aliinamisha kichwa upande, akafumba jicho moja kama anayepima urefu wa suruali, akalisukuma chungwa lile kwa ncha ya kidole, sentimita moja hivi kulia, likawa katikati ya njia.

Ndipo yule mama wa Bukavu, ambaye ana ubatizo mwingine wa kupamba jioni hiyo na hajawahi kuchelewa, alipopita na mfuko wake akikusanya masazo. Alichukua chungwa, akachukua kikombe, akapeleka mkono kwenye andazi. Wazee wote wawili wakampiga kofi mkononi kwa pamoja.

"Papa!" akaniita. "Uwaambie ni mandazi tu!"

Sikutafsiri. Nilikwenda kwa mwangalizi wa jengo kumwomba atuachie ufunguo saa moja zaidi.